Kisanduku Kilichoitwa LOBI

Jarida la Sillon lilikuwa na tabia ya kufika Kisangani limechelewa, limekunjika, na mara nyingine limelowa upande mmoja, lakini lilifika. Lilishuka uwanja wa ndege wa Bangboka pamoja na magazeti ya Kinshasa na vipuri vya mashine, likakaa posta kwa muda ambao posta yenyewe iliona unafaa, kisha likaletwa Agence Libongo, wakala wa boti za mizigo pale ukingoni mwa mto. Wafanyakazi wengine wa pale walingojea mshahara. Simone alingojea mshahara na jarida, na ungembana sana angekiri kwamba jarida ndilo lililompa hamu zaidi.

Sillon yenyewe ilikuwa chombo cha kutengenezea programu za kompyuta, kazi ya kampuni moja ya Ubelgiji. Unaandika maagizo kwa maneno ya Kifaransa, nayo inayageuza kuwa kitu ambacho mashine inakielewa. Agence Libongo ilikuwa na kompyuta moja, imefungiwa kwenye chumba chenye feni, na mwalimu pekee wa kompyuta hiyo alikuwa jarida. Kurasa za mbele zilikuwa za habari: toleo jipya linatoka, hitilafu fulani imerekebishwa, watumiaji wa Dakar wamefanya mkutano wakapiga picha. Katikati kulikuwa na somo. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na namba ya teleksi kwa yeyote aliyekwama, na chini yake maneno haya: tuulizeni, hakuna swali la kijinga. Simone aliyaamini maneno hayo kuliko alivyoamini mengi yaliyokuwa yakichapishwa Zaire miaka ile, na kusema kweli hakukosea sana.

Alikuwa mwanamke wa Maniema, aliyeletwa Kisangani akiwa mdogo na baba karani wa serikali. Kwenye karatasi za ofisi aliitwa citoyenne Feza, yaani raia Feza, kwa kuwa Chama kilikuwa kimeyapiga marufuku majina ya ubatizo. Nyumbani na midomoni mwa watu alibaki Simone. Udhaifu wake ulikuwa mmoja: hakuweza kuacha jambo bila kujua sababu yake. Hata kufuli likifunguka kirahisi kuliko siku zote, angesimama mlangoni akilichunguza huku wali unaungua jikoni.

Kila Jumamosi, salongo, ile kazi ya lazima ya usafi, ikiisha na majembe yakirudishwa stoo, watu wachache wa ofisi walikusanyika kwenye chumba cha feni. Simone aliwasomea somo la jarida, akiligeuza kutoka Kifaransa cha Ubelgiji kuwa Kiswahili cha Kisangani. Miongoni mwao alikuwa Zacharie, mtu wa mto, wa ukoo wa wavuvi wa Isangi, mrefu na mpole wa maneno, na ni yeye tu aliyeweza kuandika programu sawasawa na Simone. Wengine, tuseme ukweli, walifuata feni.

Siku moja somo lilihusu majina. Katika programu, kila kitu unachotaka mashine ikumbuke unakiweka kwenye kisanduku, na kila kisanduku unakipa jina. Jarida lilisema: msiviite visanduku vyenu A na B na C kama watu wavivu. Vipeni majina ya lugha mnayoiwazia, ili atakayesoma baada yenu aelewe.

Simone aliyasoma maneno hayo mara ya pili kimoyomoyo. Ilikuwa mara ya kwanza jarida kusema jambo ambalo lilionekana kumhusu yeye hasa, si mtu wa Dakar wala wa Liège.

"Bon," alisema. "Banasema kila mutu aandike na luga ya kichwa yake."

"Hata Kilokele?" aliuliza Zacharie, akitaja lugha ya kwao.

"Hata Kilokele, kama utapata mutu mwingine wa kukisoma."

Watu walicheka. Zacharie alisema basi yeye atachukua Lingala, maana Lingala iko ya watu wote. Hakuna aliyepinga. Ni nani Kisangani angepinga hilo?

Ndivyo programu ya zamu ilivyoandikwa. Kila siku isipokuwa Jumapili, boti ya Agence Libongo iliteremka mto hadi Basoko. Wafanyabiashara walileta mizigo, wakaandikishwa, na asubuhi orodha iliyochapwa na mashine ilibandikwa kwenye lango: wa juu apakie kwanza, halafu anayemfuata, mpaka boti ijae. Sheria ya pale ilikuwa moja na kila mtu aliijua: aliyeachwa na boti ya leo, kesho atakuwa wa kwanza. Zacharie aliandika sehemu inayotunza kumbukumbu ya nani kapakia na nani kaachwa. Simone aliandika sehemu inayopanga orodha. Visanduku vyake viliitwa SIKU, MUTU na MUZIGO. Vya Zacharie viliitwa BATO, yaani watu, MASUWA, yaani boti, na LOBI.

Mkurugenzi, Abdulhamid, mtu wa Kasongo mwenye abacost, ile suti ya Chama isiyo na tai, iliyonyooshwa mpaka inakata, aliipenda sana programu ile. Aliwaonyesha wageni. Aliwaambia kwamba mashine haina ndugu wala shemeji, na kwamba zamu za Libongo sasa haziwezi kuchezewa na mtu. Wageni walitikisa vichwa kwa heshima, wakaenda kukaa karibu na feni.

Muda mrefu mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu mizigo ilikuwa michache na boti iliondoka na nafasi. Kisha mavuno yakaanza, magunia yakarundikana hadi barabarani, na boti ikaanza kuacha watu. Hapo ndipo malalamiko yalipoingia. Aliyeachwa leo, kesho alijikuta chini kabisa ya orodha. Aliachwa tena. Kesho yake chini tena. Na waliofika jana tu, wasiosubiri hata siku moja, walipakia mbele ya macho yake.

Aliyeumia kuliko wote ni Mama Georgette, mwanamke mnene wa Mangobo aliyenunua vitunguu vya Butembo na kuvipeleka Basoko. Aliingia ofisini kwa mkurugenzi bila kubisha.

"Citoyen directeur, mimi nilibaki juzi. Nikabaki jana. Leo niko wa mwisho. Vitunguu yangu inaoza hapa kwa mulango yako. Unasikia harufu ao husikie?"

Abdulhamid aliisikia. Nusu ya mtaa wa Makiso iliisikia.

"Kuko mutu anauzisha nafasi yangu," alisema Mama Georgette, na sauti yake ikapasuka. "Mimi si mutoto, naona. Mashine haikule pesa. Mutu njo anakulaka."

Abdulhamid aliweza kuvumilia hasara. Wizi hakuweza. Alitoka hadi chumba cha feni, ambapo Zacharie na Simone walikuwa kazini, na nyuma yake mlango ukajaa watu.

"Zacharie, orodha inapita mu mikono ya nani?"

"Mu mikono yangu, citoyen directeur."

"Na wenye kupakia, wenye kubaki, nani anawaandika?"

"Njo mimi."

"Mashine inaweza kumuchukia Mama Georgette?"

"Hapana."

"Alors?"

Zacharie aligeuka. Alimtazama Simone. Simone alikuwa anatazama printa. Alijua kwamba anatazamwa, alihisi macho yale shavuni, na bado aliendelea kuitazama printa, ambayo haikuwa inachapa chochote.

Zacharie aliambiwa aende nyumbani kwake Lubunga, ng'ambo ya mto, na asikanyage pale mpaka aitwe. Jumatatu, alisema mkurugenzi, jina lake litafikishwa kwa magendarme, askari wa dola, nao wana njia zao za kuuliza. Kila mtu alizijua njia hizo. Zacharie alichukua mwavuli wake, akawaaga watu mmoja mmoja kwa adabu, akaondoka.

Simone alibaki na mashine. Alijiambia kwamba atampata mkosaji, na moyoni alikuwa na hamu kweli, ile hamu yake ya kufuli. Alitunga majina ya uongo, akatunga mizigo, akaiendesha programu. Orodha ilitoka sawa. Alitunga majina mengine. Sawa tena. Alichukua majina ya kweli, ya juzi na jana, na orodha ikatoka kichwa chini, Mama Georgette mkiani. Alirudi kwenye majina ya uongo: sawa kabisa. Alishuku disketi, akabadilisha disketi. Alishuku joto, akasogeza feni. Alishuku umeme uliokatika wiki iliyopita. Kisha, kwa kuwa alikuwa amekwisha kushuku kila kitu kilichokuwa chumbani, akakumbuka kwamba Zacharie alikuwa amekuja kazini na shati jipya, la kitambaa kizuri. Aliona aibu kulikumbuka shati hilo. Lakini alilikumbuka.

Siku ya Alhamisi alifungua jarida kwenye ukurasa wa mwisho, akaenda kwa mkurugenzi kuomba ruhusa ya teleksi.

"Unataka kuuliza Wabelgiji kama Zacharie iko mwizi?" alisema Abdulhamid.

"Hapana, citoyen directeur. Nataka kuuliza kama programu iko na kosa."

"Na kama haina kosa?"

Mkurugenzi hakungoja jibu. Alimpa ufunguo wa chumba cha teleksi. Simone alikaa mbele ya mashine ile yenye kelele za cherehani mbovu, akaandika programu yote ya zamu, mstari kwa mstari, mpaka vidole vikamuuma. Mwishoni akaandika swali lake: kwa nini tunaowaachia nafasi ya kwanza wanakuwa wa mwisho?

Jibu lilikuwa limekwisha kufika Ijumaa asubuhi, linaning'inia kwenye teleksi. Simone alilichana kwa haraka hata akalipasua ukingoni. Alikuwa ametegemea maelezo marefu. Lilikuwa fupi na la adabu. Watu wa Sillon walishukuru kwa programu yake, wakaisifu kuwa imepangwa vizuri, wakasema kuwa maagizo yote ni sahihi. Ila wao hawakujua lugha za Zaire. Je, angeweza kuwatafsiria majina ya visanduku, ili waweze kuisoma kama yeye anavyoisoma?

Simone alikata tamaa kidogo. Tafsiri! Lakini alichukua kalamu, maana jarida lilikuwa halijawahi kumdharau, naye hakutaka kulidharau. SIKU, akaandika, ni siku. MUTU, mtu. MUZIGO, mzigo. BATO, watu. MASUWA, boti. LOBI, kesho.

Alikuwa amekwisha kusimama aende kwenye teleksi alipojiuliza, kwa mazoea tu ya kutoacha jambo, Zacharie anatia nini kwenye kisanduku cha kesho. Alirudi kwenye karatasi akafuata mistari ya Zacharie kwa kidole. Boti ikiondoka, mtu ambaye mzigo wake umebaki gatini, jina lake linatiwa kwenye LOBI. Lakini huyo si mtu wa kesho. Huyo ni mtu aliyekuwa hapa tangu...

Akaketi.

Yeyote aliyekulia Kisangani anajua kwamba lobi ya Lingala ni siku iliyo kando ya leo, na kwamba Lingala haijali ni kando ipi. Ukisema nimekwenda lobi, ni jana. Ukisema nitakwenda lobi, ni kesho. Hakuna anayepotea, kwa sababu kitenzi kinakuja nyuma yake na kuishika lobi mkono na kuipeleka kwao. Mtoto wa miaka mitatu haikosei. Lakini kwenye kisanduku hakuna kitenzi. Pale lobi imesimama peke yake, na kila anayepita anaipeleka kwake.

Zacharie alitia humo watu wa jana, waliosubiri, wa kuwekwa mbele. Simone alipofika kwenye kisanduku kile wakati wa kupanga orodha, alikuta humo watu wa kesho, wasio na haraka, wa kuwekwa nyuma. Na sasa alikumbuka hata siku walipopatana. Walikuwa wamesimama mlangoni, mmoja anaingia na mwingine anatoka. Na bale batu ya lobi? aliuliza mmoja wao, hakumbuki nani. Ya lobi tunawatia mu kisanduku yao, alisema mwingine. Wakaitikiana kwa kichwa, kila mmoja ameridhika, na kila mmoja akaenda zake na siku yake.

Majina yake ya uongo je, kwa nini yalitoka sawa? Hilo nalo lilimjia papo hapo, na akacheka peke yake kama mwendawazimu. Katika majaribio yake hakuwahi kumwacha mtu. Boti ya kubuni haijai.

Alikimbilia teleksi. Mtu wa Sillon alikuwa upande wa pili, kwa hiyo wakazungumza pale pale kwa herufi kubwa. Simone aliandika tafsiri zote, na mwishoni: LOBI ni jana. LOBI ni kesho. Mashine ikaandika kwamba laini ni mbaya, tafadhali rudia neno la mwisho. Simone alirudia. Ikauliza: yote mawili? Akajibu: yote mawili. Mashine ilinyamaza, na Simone akajikuta anamwona moyoni yule Mbelgiji akiwaita wenzake waje kuangalia. Hatimaye ikaandika kwamba jambo hili ni la ajabu na zuri, na je, wangeruhusiwa kulichapisha kwenye jarida, liwe somo kwa watumiaji wote?

Alikuwa ameota mara nyingi jina lake likiwa kwenye jarida lile. Aliandika kwamba watapata jibu baadaye, kwanza kuna mtu wa kuokolewa.

Alimngojea Abdulhamid atoke msikitini, kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, akamweleza akiwa bado hajavua kofia. Mkurugenzi alisikiliza mpaka mwisho, mikono nyuma.

"Simone," alisema, na kutomwita citoyenne Feza kulikuwa dalili njema, "mimi nasema Lingala tangu ninafika hapa. Hakuna siku nilipoteaka juu ya lobi. Wewe ulipoteaka?"

"Mu mudomo, hapana."

"Alors, mutu mwenye akili atapotea namna gani na neno moja? Unamupenda Zacharie, naelewa. Batu ya kazi moja wanakuwa ndugu. Lakini magendarme hawatakubali hadisi hii, na mimi sikubali pia."

Simone alitazama nje. Langoni palikuwa na ubao wa chaki wa matangazo, na mbele yake umati wa kawaida wa mchana: wenye magunia, wenye mabeseni, wenye kusubiri tu. Agence Libongo ilikuwa pia na lori la kwenda Banalia, ambalo liliondoka siku lilipotaka, na hakuna aliyejua ratiba yake, hata dereva.

"Citoyen directeur, unipe ruhusa niandike kitu kwa ubao. Maneno kidogo tu. Halafu tusimame hapa kwa dirisha, tuangalie."

Alitoka, akafuta ubao, akaandika kwa herufi kubwa: LORI YA BANALIA, LOBI. Akarudi ndani, akafunga mlango.

Mwanzoni hakuna kilichotokea. Kisha mwanamume mmoja mwenye majembe mapya begani alisogea, akasoma, akapiga ulimi kwa hasira, akageuka kurudi mjini. Vijana wawili walimfuata, mmoja akilaani. Mwanamke mwenye beseni la sabuni alisoma, akashusha beseni lake, akatandika kitenge chini akaketi na uso wa mtu aliyepata habari njema. Mwingine akaketi karibu naye. Mzee mmoja akasoma, akaondoka. Walioketi wakawauliza wanaoondoka wanakimbilia wapi. Wanaoondoka wakawauliza walioketi wanangojea nini.

"Lori imekwisha kwenda, Mama, soma."

"Imekwenda wapi? Iko inaenda kesho. Wewe njo usome."

"Lobi, haujui lobi?"

"Kama sijui lobi! Mimi nimezaliwa Yanonge, ndani ya Lingala!"

Mama Georgette, ambaye hakuwa na safari yoyote ya Banalia lakini hakuwahi kukosa ugomvi, aliingia kati na kuwaambia wote kwamba hawana akili, maneno yako wazi kabisa. Walipomuuliza yako wazi namna gani, alifungua kinywa, akautazama ubao, akakifunga.

Dirishani, Abdulhamid alivua kofia yake polepole. Simone alimwona akitikisa midomo, na akatambua kwamba alikuwa anajisomea neno lile, mara huku, mara kule, kama mtu anayejaribu ufunguo.

"Subhanallah," alisema mwishowe. "Na mimi nilitaka kumupa mutu kwa magendarme."

Aliagiza ubao ufutwe na mtu atoke kuomba radhi. Mama Georgette aliwekwa wa kwanza kwa boti ya kesho, kwa mkono wa mkurugenzi mwenyewe, bila mashine. Kisha Abdulhamid akamwambia Simone aandike barua ya kumrudisha Zacharie kazini, naye ataitia sahihi. Simone alisema hataki barua. Atakwenda mwenyewe.

Alivuka mto jua likiwa bado kali, kwenye mtumbwi uliojaa mikate na kuku. Njia nzima alikuwa na furaha. Alikuwa anapanga namna atakavyomsimulia Zacharie: kwanza teleksi, halafu kimya cha Wabelgiji, halafu ubao, halafu Mama Georgette alivyofunga kinywa. Alijua Zacharie angecheka hapo.

Alimkuta nyuma ya nyumba, anakandika ukuta wa jiko, matope mpaka viwikoni. Amevaa shati lile lile jipya, ambalo sasa halikuwa jipya tena. Mkewe, Angélique, alikuwa amesimama kwenye mlango wa nyuma, ameegemea mwimo. Alimsalimu Simone kwa adabu na hakumkaribisha aketi.

Simone alisimulia yote. Zacharie alisikiliza huku akilainisha ukuta kwa kiganja. Simone alipofika kwenye lobi, kiganja kilisimama. Zacharie akatikisa kichwa, na kweli akatabasamu.

"Kumbe," alisema. "Wewe ulisikia kesho."

"Nilisikia kesho."

"Mimi nilisema jana." Akarudi kwenye ukuta. "Njo vile."

"Directeur anasema Jumatatu urudi kazini. Anaomba radhi."

"Asante. Umwambie nitakuya."

Simone alisubiri acheke kwa habari ya Mama Georgette, lakini kicheko hakikuja. Zacharie alichota tope jingine, akalipiga ukutani, akalisambaza.

"Mama Simone. Uliniwazia mwizi?"

Angeweza kusema hapana. Alikuwa amekuja na habari njema, na habari njema hufunika mengi.

"Siku ingine, ndiyo," alisema. "Niliwaza mupaka shati yako."

Zacharie aliangalia kifuani pake. "Hii? Shemeji alinipatia. Ya matanga ya mama yake."

"Nisamehe, Zacharie."

Sauti ya Zacharie ilikuwa ile ile ya upole, na ndiyo iliyomchoma Simone.

"Uliuliza mashine. Ukauliza Wabelgiji. Ukauliza mupaka batu ya mulango. Na mimi, mwenye kuandika ile lobi, niko hapa ng'ambo, mutumbwi inavuka kila saa. Ungeniuliza tu, Zacharie, ndani ya kisanduku uliweka nani? Ningekuambia mbele ya wewe kukaa chini."

Ilikuwa kweli, na Simone hakuona pa kujifichia. Yeye ambaye hakuweza kuacha hata kufuli, aliliacha swali hili moja. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka.

"Niliogopa," alisema. "Niliogopa ungeniambia njo wewe uliuzisha."

"Kwa hiyo hukuuliza."

"Sikuuliza."

"Na directeur hakuuliza. Aliniuliza mikono ya nani. Na Mama Georgette hakuuliza. Hata muke yangu hapa, anapika, ananiangalia, haulize." Angélique alishusha macho. "Hakuna mutu aliniuliza. Wiki yote ninangojea mutu moja aniulize, nimujibu."

Alisimama wima, mikono mbali na mwili ili matope yasimdondokee, kama mtu anayesubiri kupimwa nguo.

"Uniulize sasa," alisema.

"Zacharie, sasa inajulikana..."

"Najua inajulikana. Uniulize."

Simone alimtazama usoni, safari hii bila kugeukia kitu kingine.

"Zacharie," alisema. "Uliuzisha nafasi ya Mama Georgette?"

"Hapana," alisema Zacharie.

Mlangoni, Angélique alivuta pumzi, akaingia ndani kutafuta kiti cha mgeni. Zacharie akainama kwenye ndoo, akaanza kunawa mikono.